Moyo wa Bi Otilia na Wanawake Watatu Wasiopendana

Sogeeni, lakini mwenye ugomvi na jirani yake asikae naye benchi moja. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi na sijawahi kuimaliza bila watu kunyanyuka na kurushiana maneno. Ni hadithi ya mwanamke aliyekaribia kufa asife, na ya wanawake watatu waliomwokoa huku wakichukiana. Sikilizeni kwanza. Kubishana kutakuja.

Kule Mbinga, ambako kahawa hulimwa kwenye miteremko mikali, aliishi mjane aliyeitwa Bi Otilia. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mwanamke wa kazi, mkali wa ulimi, asiyeomba msamaha. Mali yake kubwa ilikuwa shamba la chini: mibuni mia mbili, na katikati yake chemchemi isiyokauka hata mwezi wa kumi. Kila aliyelipita shamba lile alilitamani.

Wanawake watatu walimzunguka, na kila mmoja alijaliwa kipaji chake.

Desideria alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mume wake, na kipaji chake kilikuwa macho. Hakuna kilichompita. Alijua kuku wa nani ametagia kwa nani, na nani amekwenda kisimani na ndoo mbili akarudi na moja. Nyumba yake na ya Bi Otilia zilitenganishwa na safu moja tu ya migomba, lakini hawakusemezana kwa miaka kumi na moja. Desideria alidai kwamba chemchemi ilikuwa ya baba yake na kwamba Otilia aliipata kwa ujanja wa kuolewa.

Kresensia alikuwa mkamwana, mke wa Ditrick, mtoto wa pekee wa kiume wa Bi Otilia, aliyefanya kazi mgodini mbali. Kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Ukimwambia neno leo, baada ya miaka mitatu angekurudishia kama ulivyolitamka, pamoja na siku na nguo uliyokuwa umevaa. Alikuwa na miaka sita ndani ya ndoa na hakuwa amepata mtoto, kwa hiyo katika nyumba ile hakukosa maneno ya kukumbuka.

Eulalia alikuwa binti wa kumzaa. Aliuza kwenye duka la dawa mjini, na kipaji chake kilikuwa ukaidi. Ukimwambia hapana, anakuuliza tena kana kwamba hujajibu. Mama yake alimpenda kupita kiasi. Wifi yake Kresensia alimwita "mgeni aliyesahau kuondoka", na alimwita hivyo mbele yake.

Sasa kisa chenyewe.

Hedhi ya Bi Otilia ilikoma alipofika miaka hamsini. Kwa miaka miwili alisumbuliwa na joto la ghafla na jasho, kisha hali ile ikapita, naye akaisahau. Lakini alipotimiza sitini na miwili, rafiki yake wa kwaya, Bi Kolumba, alianguka akiwa anapepeta maharage. Hakuinuka. Watu wakasema ni moyo. Tangu siku hiyo Bi Otilia akawa anashika kifua chake kila akipanda mlima, asikilize kama moyo bado unapiga.

Akamwambia Eulalia hofu yake. Eulalia akawa na jibu tayari.

"Mama, wanawake huwa na homoni inayoitwa estrojeni. Ukiwa bado unaona siku zako, inakulinda moyo. Hedhi ikikoma inapungua, na moyo unabaki peke yake. Lakini kuna vidonge vya kuirudisha. Nitakuletea."

"Na daktari je?"

"Daktari wa nini? Utapanga foleni tangu asubuhi, mwisho akwambie upumzike. Mimi nakaa na dawa kila siku, mama."

Aliyoyasema yalikuwa na ukweli ndani yake, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu uongo mtupu Bi Otilia angeutambua. Hakupimwa presha, hakuulizwa lolote. Akaanza kumeza kidonge kimoja kila asubuhi kwa siri, akiwa amegeukia ukuta, kwa kuwa aliona haya mjane wa umri wake kumeza dawa za mambo ya kike.

Siri ile ilidumu wiki moja. Kresensia alikuwa anafagia chumba cha mkwe wake akaliona boksi chini ya mto.

"Mama, unaumwa? Dawa hizi za nini?"

Bi Otilia akampokonya. Aibu ikamgeukia hasira. "Hizi ni za wanawake waliozaa mpaka wakamaliza. Wewe hata kuanza hujaanza. Zinakuhusu nini?"

Kresensia aliokota ufagio akaendelea kufagia. Lakini jina lililoandikwa kwenye boksi alikuwa ameshalisoma, na kila alichokisoma Kresensia hakikufutika. Miezi minne ikapita bila yeye kulitaja jambo hilo kwa mtu yeyote.

Ukafika mwezi wa saba, msimu wa kuvuna kahawa.

Desideria alikuwa na tabia ya kusimama kwenye migomba yake kila asubuhi na kumchunguza wifi yake. Hakumchunguza kwa wema. Alingoja siku ambayo Otilia atasogeza jiwe la mpaka, ili ampeleke kwenye baraza. Siku ya kwanza alimwona akitua kikapu mara tatu kwenye mteremko ambao kwa miaka arobaini aliupanda bila kutua. Siku ya pili akamwona ameshika taya, kisha bega, kisha amekaa chini na kutazama mikono yake. Desideria aliona, akarudi ndani kupika.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Bi Otilia alipiga magoti katikati ya mibuni. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa inauma, lakini uso wake ulikuwa umelowa jasho. Akatapika. Hakuwepo mtu mwingine yeyote wa kumwona. Mteremko ule hauonekani ila kutoka kwenye migomba ya Desideria. Baadaye Desideria mwenyewe alikiri alichokiwaza pale. Aliwaza: akifa, chemchemi inarudi kwetu. Alisimama akiwaza hivyo kwa muda wa kutosha kuona aibu. Kisha akapaza sauti ikasikika mpaka barabarani.

"Kresensia! Wewe Kresensia! Mkwe wako anakufa shambani nawe umekaa ndani! Au ndivyo mlivyopanga?"

Kresensia alitoka na mchi mkononi. Alitoka kupigana. Nani amwambie yeye kwamba amepanga kumuua mkwe wake? Alipofika kwenye migomba, Desideria akamnyooshea kidole kule bondeni, na Kresensia akautupa mchi akakimbia. Wakambeba wawili wale, kila mmoja upande wake, wakitukanana njia nzima. Barabarani wakapata pikipiki, na Kresensia akampakata mkwe wake hadi kituo cha afya.

Tabibu pale alikuwa na foleni ndefu. Akamwuliza mgonjwa maswali.

"Unaumwa wapi, mama?"

"Tumbo," alisema Bi Otilia. "Nilikula maharage ya jana."

"Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hakuna."

Tabibu akaandika vidonda vya tumbo, akanyoosha mkono kuchukua chupa ya dawa. Hapo Kresensia akasimama mbele ya watu wote.

"Anakudanganya, daktari. Anakunywa vidonge vya estrojeni, kimoja kila asubuhi. Alianza wiki ya pili ya mwezi wa tatu. Boksi ni jeupe lenye mstari wa zambarau." Akalitaja jina la dawa, na kiwango chake, herufi kwa herufi. "Nilimwuliza tarehe kumi na tisa, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani. Akaniambia ni dawa za wanawake waliozaa, mimi hazinihusu. Na tumbo si kweli. Jumatatu alisema taya linamuuma, akanituma karafuu. Jana alisema bega. Leo asubuhi alisema amechoka kama mtu aliyelima usiku kucha, wakati alilala tangu saa mbili usiku."

Kwenye benchi watu wakacheka. Bi Otilia akafumba macho kwa fedheha. Lakini tabibu hakucheka. Aliirudisha chupa mahali pake, akafunga kipimo cha presha mkononi mwa mgonjwa, akasoma, akapima tena.

"Hili si tumbo," alisema. "Huu ni moyo, mpaka nithibitishiwe vingine." Akampa aspirini aitafune pale pale. "Hapa sina mashine ya kuupima. Aende hospitali kubwa Songea sasa hivi, si baadaye."

Msije mkadhani Kresensia aliyasema yale kwa huruma. Alipoulizwa, hakuficha: "Nilitaka aaibike mbele za watu, kama alivyoniaibisha."

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha ondoka na mama mjamzito aliyekuwa katika hali mbaya, na halikutarajiwa kurudi kabla ya jioni. Eulalia alikuwa amepigiwa simu. Akafika na bodaboda akiwa bado na koti jeupe la dukani, akamkuta mama yake amelala kwenye kitanda cha chuma, midomo imepoteza rangi.

"Gari liko wapi?"

"Hakuna gari, dada," alijibu tabibu.

"Gari liko wapi?" aliuliza tena.

Kisha akatoka, akaenda kusimama katikati ya barabara. Ikaja pikapu iliyosheheni magunia ya kahawa, ikielekea upande mwingine kabisa. Dereva akapiga honi. Eulalia hakusogea. Dereva akafunga breki, taa za mbele zikasimama hatua moja kutoka magotini mwake.

"Una wazimu? Toka barabarani!"

"Nina mgonjwa wa Songea."

"Mimi siendi Songea. Hii ni kahawa ya watu."

"Nimekusikia. Nina mgonjwa wa Songea."

"Nitakugonga, mwanamke!"

"Nigonge. Halafu utupeleke wote wawili."

Dereva akamtukana, akamtukania na ukoo. Eulalia akapanda nyuma ya gari akaanza kushusha magunia moja moja, hadi ngozi ya vidole ikachubuka. Gunia la sita dereva akashuka. Wote wakadhani anakwenda kumpiga. Akashika upande wa pili wa gunia, akiendelea kutukana, wakashusha pamoja. Wakamlaza Bi Otilia kwenye godoro, na gari likageuzwa kuelekea Songea. Dereva kila alipotaka kusimama, Eulalia alipiga bati kwa kiganja mpaka akaendelea.

Hospitalini walimpima moyo kwa mashine. Mshipa mmoja unaolisha moyo ulikuwa umezibwa na damu iliyoganda. Wakampa dawa ya kuiyeyusha, naye akaponea chupuchupu.

Siku ya nne daktari wa moyo, Dokta Hyera, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliwaita wale watatu. Desideria naye alikuwa amekuja. Alisema amekuja kuhakikisha hasingiziwi. Eulalia akaweka boksi la vidonge mezani.

"Ni mimi niliyempa," alisema. "Nilisikia kwamba vinalinda moyo."

Dokta Hyera akalishika boksi. "Hata sisi madaktari wengi tuliamini hivyo zamani. Ilionekana ni jambo la akili: estrojeni ikipungua maradhi ya moyo yanaongezeka, basi irudishwe. Lakini wanawake wengi walipofuatiliwa kwa makini, matumaini yale hayakutimia. Aliyeanza kuvitumia miaka mingi baada ya hedhi kukoma hakulindwa. Wengine walipata hatari ya damu kuganda. Vina kazi yake: mwanamke ambaye hedhi yake imekoma karibuni, anayeteswa na joto na kukosa usingizi, akishapimwa, vinaweza kumsaidia sana. Lakini havitolewi kwa ajili ya kulinda moyo. Na havitolewi chini ya mto."

"Kwa hiyo ndivyo vilivyokaribia kumuua?" aliuliza Kresensia, akimtazama Eulalia.

"Sijasema hivyo. Mama huyu ana presha ya siku nyingi ambayo hakuna aliyeijua. Pengine moyo ungemshika hata bila vidonge. Pengine vidonge viliharakisha. Siwezi kuapa upande wowote." Akafunga faili. "Ninaloweza kuapa ni hili. Asingeonekana pale shambani, angefia pale. Angetibiwa tumbo, angefia kituoni. Angengoja gari hadi jioni, angefia njiani. Sasa nendeni, mnanipigia kelele wodini."

Baada ya siku tisa Bi Otilia alirudi nyumbani, akiwa na dawa za presha na za moyo, na amekatazwa kubeba vikapu. Jumapili iliyofuata alimwita mwenyekiti wa kijiji aje na karatasi na kalamu. Akakaa kibarazani na blanketi mabegani, akawaita wale watatu.

"Nilipokuwa kwenye ile pikapu niliapa kwa Mungu," alisema. "Nikipona, shamba la chini, lote pamoja na chemchemi, nitampa aliyeniokoa. Ditrick ameridhia. Nataka liandikwe leo, kwa jina moja. Silikati. Ukilikata, mmoja atakuwa na maji na mwingine atakuwa na mibuni mikavu, na mtauana. Haya, semeni."

Mjue kila mmoja alikuwa na sababu ya kulitaka. Desideria alililia kwa miaka kumi na moja. Kresensia, mke asiye na mtoto, hakuwa na hata shubiri moja ya ardhi ya kusimama siku Ditrick akibadili mawazo. Eulalia alikuwa binti, na katika ukoo ule mabinti hawakupewa ardhi.

Desideria akaanza. "Bila macho yangu mngekuwa mnakula pilau ya matanga yake. Mimi ndiye wa kwanza."

"Wa kwanza?" alisema Eulalia. "Shangazi, ulimtazama siku tatu! Siku ya pili ulimwona ameshika bega, ukaenda kupika. Ulikuwa unangoja nini?"

"Sisemezani naye. Ulitaka niongee na migomba?"

"Basi ni mimi," alisema Kresensia. "Kuonwa peke yake kungemfikisha kwenye chupa ya dawa ya tumbo."

Desideria akacheka kwa dharau. "Wewe uliyekaa na siri miezi minne? Jina la dawa unalo, kiwango unacho, mume wako unazungumza naye kwa simu kila wiki. Ungesema siku moja tu, asingefika huko."

"Niliambiwa hazinihusu!"

"Yaani ulimwacha aendelee ili siku moja umsute. Hiyo ndiyo kumbukumbu yako."

"Gari nililisimamisha mimi," alisema Eulalia, akinyanyua mikono ambayo bado ilikuwa na makovu mapya. "Kwa mwili wangu. Nyie mlikuwa mnatukanana."

Kresensia akamsogelea hadi nyuso zikakaribia kugusana. "Ulimlisha mwenyewe kitu usichokijua, halafu ukamtafutia gari. Unataka na shamba?"

"Daktari alisema hawezi kuapa!"

"Hawezi kuapa kwamba ni wewe, na hawezi kuapa kwamba si wewe."

Eulalia akamwinulia mkono. Mwenyekiti akaingia kati yao na kalamu yake, karatasi ikaanguka. Kelele ziliposhuka waligundua kwamba Bi Otilia alikuwa analia, jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona.

"Huyu anayenipenda," alisema, akimwonyesha Eulalia, "ndiye aliyenipa vidonge. Hawa wasionipenda, mmoja alinitazama na mmoja alinikumbuka, na ndiyo maana napumua. Nikimpa anayenipenda, nimewadhulumu wawili. Nikimpa mmoja wa hawa, nimelipa chuki nikamnyima mtoto wangu. Na mimi mwenyewe sijaziona nia zao. Naziona kazi zao tu, na kazi hizo zimelingana."

Akamgeukia Kresensia. "Lile neno la siku ya Mtakatifu Yosefu," alisema. Kresensia alingoja. Bi Otilia hakulimalizia.

Mwenyekiti akaokota karatasi, akaikung'uta vumbi, akainyoosha juu ya goti. "Bi Otilia," alisema, "mimi ni mwandishi tu. Nimeacha nafasi ya jina moja. Niandike nani?"

Desideria alikuwa amesimama kwenye ngazi. Kresensia alikuwa mlangoni. Eulalia alikuwa amepiga magoti kando ya kiti cha mama yake. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mimi naishia hapo. Wapo walioniambia apewe mwenye macho, kwani aliushinda moyo wake mwenyewe kabla ya kupiga kelele. Wapo walioniambia apewe mwenye kumbukumbu, kwa kuwa alilipwa matusi kwa miaka sita. Wapo walioniambia apewe binti, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyekuwa tayari kugongwa. Na juzi mzee mmoja alisimama akasema wote watatu wanyimwe, jirani yake nusura ampige.

Kalamu iko juu ya karatasi na mwenyekiti anangoja. Wewe uliyesikia yote haya, ungemwambia aandike jina la nani?